Namna ya kutoka kwenye mkataba wa biashara bila wewe kugeuka mvunja mkataba

Nilikuwa nanunua mchele Kyela na Mbarali, naufungasha Mbeya, nauuza Dar es Salaam. Mzigo nilisafirishiwa na kampuni moja kwa mkataba wa mwaka mzima: safari mbili kila wiki, na mzigo ufike ghala la Tandika ndani ya saa 48 tangu gari lipakie. Miezi mitano mambo yalikwenda vizuri. Mwezi wa sita magari yakaanza kuchelewa, siku tatu, siku nne, mara moja siku tano. Wateja wakaanza kuchukua mchele kwa wengine. Usiku mmoja, saa nne, nikampigia dereva, akaniambia bado yuko Makambako anasubiri spea. Nikamwandikia bosi wake WhatsApp: "Kuanzia leo tumeachana. Msilete gari tena." Kesho yake nikakodi gari jingine.

Wiki tatu baadaye ikaja barua ya wakili, na hawakuwa wanajitetea. Walikuwa wananidai mimi. Walitaka malipo ya safari zote zilizobaki hadi mwisho wa mwaka, kwa maelezo kwamba mimi ndiye niliyevunja mkataba. Nikaenda kwa wakili wangu nikiamini haki iko upande wangu. Akaniuliza maswali matatu tu. Notisi ya siku 14 iliyoandikwa kifungu cha 11 uliitoa lini? Sikuitoa. Mzigo uliochelewa ulipofika, mtunza stoo wako aliandika nini kwenye hati ya kupokelea? Aliandika "umepokelewa vizuri", akagonga mhuri. Na ankara za safari hizo? Nililipa zote, sikukata hata shilingi. Akafunga faili, akasema tutafute suluhu nje ya mahakama. Tukapatana, nikalipa.

Haki ya kusitisha nilikuwa nayo. Niliipoteza kwa kuruka hatua. Mwongozo huu ni kwa mfanyabiashara mdogo na wa kati ambaye leo yuko pale nilipokuwa mimi usiku ule, simu mkononi, hasira kifuani. Weka simu chini kwanza.

Sheria inayohusika

Kwa Tanzania Bara, msingi ni Sheria ya Mikataba, Sura ya 345. Ilitungwa mwaka 1961 na vifungu vyake vingi vimefuata Sheria ya Mikataba ya India ya mwaka 1872, ndiyo maana mawakili wetu hawaoni ajabu kunukuu kesi za India. Msomaji wa Kenya ajue kwamba kwake msingi ni sheria ya kawaida (common law) ya Uingereza, kupitia Sheria ya Mikataba, Sura ya 23. Hatua za hapa zitamfaa, ila namba za vifungu asizichukue.

Mkataba wa ajira uweke kando. Huo una sheria yake ya mwaka 2004 na taratibu zake za kumwachisha mtu kazi, na ukiuendesha kwa mwongozo huu utajikuta CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Zabuni za serikali nazo zina sheria yake ya ununuzi. Hapa tunazungumzia makubaliano kati ya biashara na biashara: usambazaji, usafirishaji, uwakala, kukodi mashine, ulinzi, usafi, matengenezo.

Hatua ya kwanza: soma mkataba wote, na kalamu mkononi

Wengi hufungua ukurasa wenye kichwa "Kusitisha Mkataba" na kuishia hapo. Kifungu hicho hakisimami peke yake. Piga mstari sehemu hizi: muda wa mkataba na kama unajihuisha wenyewe usipotoa taarifa, wajibu unaodai kwamba umevunjwa, kwa maneno yake halisi, kifungu cha notisi, yaani ipelekwe kwa nani, kwa anwani ipi, kwa njia gani, kifungu cha kutatua migogoro, na kile kinachotaja mambo yatakayoendelea hata mkataba ukiisha, kama vile siri za biashara na madeni.

Angalia siku zinavyohesabiwa. "Siku 14" na "siku 14 za kazi" hutofautiana kwa karibu wiki nzima, na ukisitisha siku ya 14 wakati ulitakiwa kusubiri hadi siku ya 20, umesitisha kabla haki haijaiva. Angalia pia viambatisho na barua za nyongeza. Nimewahi kuona kifungu cha notisi cha siku 30 kikiwa kimebadilishwa kuwa siku 90 kwa barua ya nusu ukurasa iliyosainiwa na meneja ambaye alishaondoka, na hakuna aliyeikumbuka hadi siku ya ugomvi.

Kama hakuna mkataba wa maandishi, bado mkataba upo. Sheria yetu inatambua makubaliano ya mdomo yakitimiza masharti ya kawaida: hiari, uwezo wa kuingia mkataba, malipo au badala ya malipo, na jambo lililo halali. Kazi yako itakuwa kukusanya meseji, ankara na miamala inayoonyesha mlikubaliana nini, na kutoa notisi ya muda ambao mtu mwenye akili timamu angeuona wa haki kwa biashara ya aina hiyo.

Hatua ya pili: jua unatoka kwa mlango upi

Hapa ndipo watu wengi huchanganya, na barua zao huandikwa kana kwamba milango yote ni mmoja.

Mlango mwepesi kuliko yote ni kukubaliana. Mnakaa, mnaandika karatasi kwamba mkataba umeisha tarehe fulani, nani anamlipa nani, na kwamba hakuna anayemdai mwenzake zaidi ya hapo. Kifungu cha 62 cha Sheria ya Mikataba kinasema pande zikikubaliana kuufuta mkataba, au kuweka mpya mahali pake, ule wa awali hauhitaji kutekelezwa. Watu huupita mlango huu kwa sababu tayari wamenuniana. Mimi nakushauri uujaribu kwanza hata kama una haki zote, kwani simu moja ya kistaarabu inaweza kuokoa mwaka mzima wa kesi.

Wa pili ni kusitisha kwa hiari, pale mkataba unaposema upande wowote unaweza kutoka bila sababu kwa kutoa notisi ya siku kadhaa. Kama unao, utumie, na usiandike sababu. Narudia: usiandike sababu. Ukitoka kwa hiari halafu ukajaza barua kwa lawama, unamfungulia mwenzako nafasi ya kusema ulisitisha kwa kosa, na kosa lenyewe hukulithibitisha. Ubaya wake ni kwamba mara nyingi unalipa hadi siku ya mwisho ya notisi na hudai fidia ya kutoka mapema.

Wa tatu ni kusitisha kwa sababu ya ukiukwaji. Huu ndio mlango wenye vizingiti vingi. Mikataba mingi hudai ukiukwaji uwe "wa msingi" au "mkubwa", na hutoa muda wa kurekebisha. Gari kuchelewa mara moja kwa saa sita hakufikii hapo. Gari kuchelewa kila wiki, kwa bidhaa ambayo mkataba wenyewe umesema muda ni sharti la msingi, kunafikia.

Wa nne unatoka kwenye sheria yenyewe, hata mkataba ukikaa kimya. Kifungu cha 39 kinakuruhusu kuumaliza mkataba mwenzako anapokataa kabisa kutekeleza ahadi yake yote, au anapojiweka katika hali ya kutoweza kuitekeleza. Kwa mfano kauza magari yote aliyoahidi kukubebea mzigo. Kifungu cha 55 kinahusu muda: kama nia yenu ilikuwa kwamba muda ndio roho ya makubaliano, na mwenzako akaupitisha, una hiari ya kuubatilisha mkataba kwa sehemu ambayo haijatekelezwa. Kama muda haukuwa roho ya makubaliano, kuchelewa kunakupa fidia tu, hakukupi njia ya kutoka. Kisha kuna kifungu cha 19, kwa aliyeingia mkataba kwa kulazimishwa, kulaghaiwa au kupewa maelezo yasiyo ya kweli. Kuna na cha 56, pale jambo lenyewe linapokuwa haliwezekani au linapogeuka kuwa haramu baada ya kusaini.

Hicho cha 56 wafanyabiashara hukikimbilia bure. Mafuta yakipanda bei, dola ikiadimika, mvua ikiharibu barabara kwa siku mbili, mkataba umekuwa mgumu na wa hasara, lakini haujawa usiowezekana. Kama uliogopa bei kupanda, mahali pa kuliweka jambo hilo ni kwenye mkataba, siku ya kusaini.

Andika kwenye karatasi, kwa sentensi moja: "Natoka kwa kifungu namba fulani, kwa sababu hii." Ikikushinda kuiandika, hujawa tayari.

Hatua ya tatu: jiulize kama haki yako bado ipo

Hii ndiyo hatua iliyoniangusha, nayo nitaikalia kidogo.

Kifungu cha 39 kina maneno ya mwisho ambayo watu hawayasomi: unaweza kuumaliza mkataba, isipokuwa kama umeonyesha, kwa maneno au kwa matendo, kwamba umekubali uendelee. Matendo. Kupokea mzigo uliochelewa, kulipa ankara yake yote, kutoa oda nyingine wiki inayofuata, kumwandikia "asante mkuu, tupo pamoja" kwenye meseji. Hayo yote ni matendo, na wakili wa upande wa pili atayapanga mezani moja baada ya jingine.

Kifungu cha 55 kinaongeza kwamba ukipokea utekelezaji uliochelewa, huwezi baadaye kudai fidia ya kuchelewa huko, ila kama wakati wa kupokea ulimpa mwenzako taarifa kwamba utadai. Soma tena: wakati wa kupokea. Haitoshi kumwambia mwezi ujao mkigombana.

Kwa hiyo mfundishe mtunza stoo wako leo, kabla ya ugomvi wowote. Mzigo ukifika umechelewa, kwenye hati ya kupokelea asiandike "umepokelewa vizuri". Aandike hivi: "Umepokelewa Februari 17, saa 3:40 asubuhi. Umechelewa siku 3 kwa mujibu wa kifungu cha 4.1. Tunahifadhi haki ya kudai fidia." Kisha dereva asaini chini ya maneno hayo, na nakala ibaki kwako. Mistari mitatu hiyo, kama ningekuwa nayo kwenye hati nne tu, ile barua ya wakili ningeijibu kwa ukurasa mmoja.

Kama tayari umepokea mara nyingi bila kusema, usikate tamaa. Andika barua sasa ya kumkumbusha mwenzako kwamba kuanzia tarehe fulani utashikilia muda wa mkataba kama ulivyoandikwa, mpe nafasi ya kutosha kujipanga, kisha anza kuhesabu makosa mapya. Yale ya zamani yatabaki kama historia inayoonyesha mwenendo.

Hatua ya nne: piga hesabu

Chukua karatasi, gawa katikati. Upande mmoja andika gharama za kubaki hadi mwisho wa mkataba. Upande wa pili gharama za kutoka: malipo ya kipindi cha notisi, malipo ya awali yaliyoko kwake, vifaa vyako vilivyo kwake, bei ya msambazaji mpya, wakili. Wakati mwingine mkataba umebakiza miezi miwili, na kilicho sahihi ni kuvumilia huku ukizuia usijihuishe.

Kama mkataba una kiasi cha adhabu kilichotajwa, usikichukue kama kilivyo. Kifungu cha 74 kinasema anayelalamika atapata fidia inayostahili isiyozidi kiasi hicho. Kile kiasi ni dari. Na kifungu cha 73, kinachohusu fidia kwa jumla, kinatazama hasara inayotokana na uvunjaji wenyewe kwa mwendo wa kawaida wa mambo, au ile ambayo pande zote zilijua tangu mwanzo kwamba ingetokea. Hasara ya mbali hailipwi. Njia ulizokuwa nazo za kupunguza hasara pia zinaangaliwa, kwa hiyo huwezi kuacha mchele uoze stoo halafu udai thamani yake yote.

Hatua ya tano: kusanya ushahidi kabla ya kusema neno

Ukishatoa notisi, milango ya taarifa hufungwa. Yule mhasibu wa upande wa pili aliyekuwa akikutumia taarifa ya hesabu kila Ijumaa ataambiwa aache. Kusanya mapema: mkataba uliosainiwa, hati za mzigo, ankara, risiti za EFD, taarifa za benki, picha zenye tarehe, barua pepe, meseji.

Meseji za WhatsApp zina uzito. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inakubali kumbukumbu za kielektroniki kuwa ushahidi, na mahakama huangalia zilivyotunzwa na kama zinaaminika. Usizifute, usiuze simu ile, usibadilishe namba katikati ya mgogoro.

Hakikisha pia mkataba wako umelipiwa ushuru wa stempu. Hati isiyolipiwa inaweza kukataliwa kupokelewa kama ushahidi hadi ushuru na adhabu yake vilipwe, na jambo hilo huibuliwa siku ambayo hulitegemei kabisa.

Hatua ya sita: andika notisi ya kurekebisha

Kama mkataba unataka mwenzako apewe muda wa kurekebisha, notisi hii hairukwi. Iwe fupi, isiwe na matusi, isiwe na historia ya tangu mlipofahamiana. Yangu ya siku hizi inaonekana hivi:

"YAH: NOTISI YA KUREKEBISHA UKIUKWAJI CHINI YA KIFUNGU CHA 11.2 CHA MKATABA WA USAFIRISHAJI WA TAREHE 10 AGOSTI

Tafadhali rejea mkataba tajwa hapo juu. Kifungu cha 4.1 kinakutaka ufikishe mzigo ghala la Tandika ndani ya saa 48 tangu kupakia. Mzigo uliopakiwa Februari 12 ulifika Februari 17. Wa Februari 19 ulifika Februari 23. Wa Februari 26 ulifika Machi 2. Nakala za hati tatu za kupokelea zimeambatishwa.

Huu ni ukiukwaji wa sharti la msingi. Kwa notisi hii tunakutaka, ndani ya siku 14 tangu siku utakayoipokea, utekeleze safari zote zilizopangwa ndani ya saa 48 na utupatie kwa maandishi mpango wa gari mbadala. Usipofanya hivyo, tutatumia haki yetu ya kusitisha mkataba chini ya kifungu cha 11.2.

Kuendelea kwetu kupokea mzigo au kulipa ankara katika kipindi hiki si kuachilia haki yetu yoyote, ikiwemo haki ya kudai fidia."

Tazama haisemi "tunasitisha". Inasema tutatumia haki yetu. Barua inayotoa siku 14 za kurekebisha na papo hapo kutangaza kwamba mkataba umekwisha inajipinga yenyewe, na mimi nimeziona nyingi za namna hiyo. Isainiwe na mtu mwenye mamlaka kwenye kampuni, na jina la kampuni liandikwe kama lilivyo kwenye mkataba, hadi nukta ya mwisho.

Lugha ni Kiswahili kama mkataba ni wa Kiswahili. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na ya mahakama Tanzania, kwa hiyo asikutishe mtu kwamba barua yenye nguvu ni ya Kiingereza.

Hatua ya saba: ipeleke kama mkataba unavyotaka

Mkataba ukisema kwa mkono, peleka kwa mkono na kitabu cha dispatch kisainiwe: jina kamili, cheo, tarehe, saa, mhuri. Mlinzi wa getini si mpokeaji. Ukisema kwa rejista ya posta, tumia rejista na utunze stakabadhi. Ukisema kwa barua pepe, tumia anwani ile iliyoandikwa kwenye mkataba, hata kama unajua bosi anatumia nyingine. Hiyo nyingine mtumie nakala. Wakikataa kupokea, mpelekaji aandike palepale kilichotokea, asaini yeye na shahidi, kisha tuma kwa njia ya pili. Gharama ya EMS ni ndogo mno ukilinganisha na ubishi wa kama notisi ilifika.

Hatua ya nane: subiri kweli

Siku zile 14 ni za mwenzako, na wewe bado umefungwa na mkataba. Endelea kulipa kinachostahili. Endelea kutoa oda. Usitangaze kwa wateja kwamba fulani ni tapeli, usifungie vifaa vyake, usimzuie dereva wake getini. Unaweza kuzungumza na msambazaji mwingine, ila usisaini naye kuchukua kazi ileile kabla muda haujaisha.

Mfano mkubwa tunao nyumbani. Kampuni ya City Water ilikuwa ikiendesha huduma ya maji Dar es Salaam tangu Agosti 2003, kwa mkataba wa miaka 10 na DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji, na mambo hayakwenda. Mei 2005 Serikali ikatangaza hadharani kwamba mkataba unasitishwa, na Juni 1 majengo yakachukuliwa na viongozi wa kampuni wakaondolewa nchini. Mwenye hisa nyingi, Biwater Gauff, akaenda ICSID, kituo cha kimataifa cha kuamua migogoro ya uwekezaji. Julai 2008 baraza la usuluhishi likaamua kwamba namna Serikali ilivyofanya ilikiuka mkataba wa kulinda uwekezaji kati ya Tanzania na Uingereza, ingawa halikuamuru fidia, kwa kuwa kampuni ilikuwa imeshapoteza thamani yake na mwisho wa mkataba ulikuwa umeshakaribia kwa njia ya kawaida. Kwenye shauri la pili, lililohusu mkataba wenyewe chini ya kanuni za usuluhishi za UNCITRAL, tume ya Umoja wa Mataifa ya sheria za biashara, DAWASA ndiyo iliyoshinda, ikapewa takriban pauni milioni 3. Yaani upande wenye hoja nzuri juu ya mkataba ulitumia miaka mitatu ukijitetea kwa sababu ya haraka ya wiki chache. Nikisoma kesi ile naona ile meseji yangu ya saa nne usiku.

Mwenzako akirekebisha ndani ya muda, haki ya kusitisha kwa kosa lile imekwisha. Mpongeze kwa maandishi na uendelee. Akirudia, utaanza upya, isipokuwa mkataba unasema kosa likirudiwa hakuna muda wa kurekebisha. Sharti hilo ni zuri, liombe kwenye mkataba ujao.

Hatua ya tisa: barua ya kusitisha

Siku ikipita bila marekebisho, subiri siku moja zaidi kwa usalama, kisha usichelewe. Ukikaa mwezi mzima kimya unarudi kule kwenye "amekubali uendelee". Barua itaje notisi ya kwanza na tarehe iliyopokelewa, iseme kosa halikurekebishwa, itaje kifungu, na iweke tarehe na saa mkataba unapokoma. Maneno yawe wazi: "Tunausitisha mkataba huu kuanzia Machi 24." Epuka "tunafikiria", "tunaona vyema", "huenda ikabidi". Ipeleke kwa njia ileile ya hatua ya saba.

Hatua ya kumi: makabidhiano

Andaeni orodha ya vitu na fedha, msaini wote wawili. Kifungu cha 65 kinamtaka aliyepokea faida chini ya mkataba ambao umebatilika airudishe au aifidie, hivyo malipo ya awali uliyotoa kwa kazi isiyofanyika yadai kwa hesabu iliyo wazi. Na kifungu cha 75 kinampa fidia aliyeufuta mkataba kihalali, kwa hasara ya kutotekelezwa kwake. Mjulishe benki kama kulikuwa na dhamana. Badilisha nywila za mifumo. Waandikie wateja wanaoguswa kwa lugha ya upole: kuanzia tarehe fulani mzigo utaletwa na msafirishaji mwingine, basi.

Mkishindwa kukubaliana hesabu, rudi kwenye kifungu cha migogoro kabla ya kwenda mahakamani. Kama mlisaini usuluhishi, mahakama inaweza kuisimamisha kesi yako ili mwende huko kwanza. Sheria ya Usuluhishi ya mwaka 2020 ndiyo inayosimamia. Kama hamkusaini, thamani ya dai ndiyo itakayokuambia uanzie mahakama ipi, na kwa madai makubwa ya kibiashara kuna Divisheni ya Biashara ya Mahakama Kuu, iliyoanzishwa mwaka 1999.

Kama wewe ndiye uliyeletewa notisi

Usiitupe kwenye droo. Andika juu yake tarehe na saa uliyoipokea, hesabu siku, na ujibu kwa maandishi kabla hazijaisha, hata kama unaona ni uonevu. Jibu lina mambo matatu: unachokubali, unachokataa na ushahidi wake, na unachofanya kurekebisha. Kama notisi haikufuata mkataba, sema hivyo palepale, ila rekebisha vilevile. Nawajua wasafirishaji wawili waliobaki na mikataba yao kwa sababu walileta gari mbadala siku ya tisa, wakapiga picha likipakia, wakaziambatisha kwenye barua.

Faili zima, la aliyesitisha na la aliyesitishwa, litunzwe. Muda wa kufungua shauri la mkataba ni miaka 6 tangu haki ya kudai ilipozaliwa, Tanzania Bara na Kenya pia. Langu liko kwenye kabati la chuma, na juu yake nimeandika kwa kalamu nyekundu tarehe ambayo nitaruhusiwa kulichoma.